Tusingoje laboratwari: mwezi uko juu ya kila shule



Jumapili tarehe 7 Septemba 2025, wiki moja tu tangu masomo yaanze, mwezi ulipanda juu ya Butembo ukiwa mzima kabisa, halafu ukaanza kuliwa. Kufika saa moja na nusu ya usiku ulikuwa umefunikwa wote, mwekundu kama tofali, na ukabaki vile dakika 82. Kwenye kartye watu walitoka nje. Wengine walipiga picha na simu, wengine waliingiza watoto ndani wakafunga mlango. Mama mmoja jirani yetu alisema ile ni alama ya damu, na hakuna aliyemcheka. Huku kwetu mtu akitaja damu watu hawamuoni mjinga.

Kesho yake usiku, tarehe 8, ADF waliingia Ntoyo, teritware ya Lubero, wakakuta watu wamekusanyika kwenye kilio. Waliua zaidi ya watu 60.

Kwa mtoto wa miaka minane hesabu ni nyepesi: mwezi uligeuka damu, na damu ikamwagika. Siku chache baadaye, mtoto wa familia moja ya waliokimbia vita alituuliza hivi: "Yaya, mwezi ikirudia kuwa nyekundu, banakuja na huku?" Tulitazamana. Kati yetu kuna waliomaliza chuo, kuna mwalimu, kuna fundi wa umeme. Wote tulijua kwamba ni kivuli cha dunia kilichofunika mwezi. Tukamwambia. Akaitika, "ndiyo yaya", kwa ile sauti ya mtoto anayetaka umwache aende zake.

Ndipo tulielewa kitu. Mtoto aliyeambiwa na mama yake kuwa ni damu, na akaambiwa na yaya wa harakati kuwa ni kivuli, atamwamini mama. Na tusimlaumu! Sisi tulimpa neno, na mama naye alimpa neno. Hakuna kati yetu aliyempa kitu cha kuona.

Basi Jumamosi iliyofuata tukaenda kwa wachoma matofali, tukaomba udongo kidogo, wakatupa bure. Kila mtoto akafinyanga tonge lake, ukubwa wa tonge la bugali, akalichomeka kwenye kijiti. Wenye unga wa muhogo wakalipaka lipate kuwa jeupe. Tukafunga madirisha ya chumba kwa vitenge, tukaweka taa moja ya sola juu ya meza. Taa ni jua, kichwa chako ni dunia, tonge ni mwezi. Nyosha mkono, inua tonge juu kidogo ya kichwa, halafu jizungushe polepole na usiache kulitazama.

Aliyesoma kwenye kitabu tu hajui kelele iliyotokea mle ndani. Ukielekea taa, upande wa tonge unaouona ni giza: huo ndio mwezi usioonekana. Ukigeuka kidogo, unaona ukingo mwembamba unang'aa. Ukifika robo ya mzunguko ni nusu. Ukiipa taa mgongo, tonge lote linawaka. Endelea, linapungua tena. Hakuna aliyelikata tonge. Hakuna aliyelila. Wakati wote nusu yake inapata mwanga, kinachobadilika ni pale unaposimama wewe.

Hapa tukiri kitu, sababu hatutaki kujifanya walimu wakubwa. Wawili kati yetu, wenye diploma, waliingia mle chumbani wakiamini kwamba mwezi unapungua kila mwezi kwa sababu ya kivuli cha dunia. Tonge liliwasahihisha mbele ya watoto. Kivuli cha dunia kina kazi yake, ila ni nyingine, na watoto waliigundua wenyewe: mmoja alichoka mkono, akashusha tonge likawa nyuma ya kichwa chake, sawa na taa. Likazima. "Kumbe ni kichwa yangu!" Tukamwambia arudie, na wote wakarudia. Mwezi mara nyingi unapita juu kidogo au chini kidogo ya kivuli chetu, sababu njia yake imeinama kama digri 5, ndiyo maana haufunikwi kila mwezi. Siku ukipita katikati, unafunikwa. Na ule wekundu ni mwanga wa jua uliopita pembeni ya dunia, ndani ya hewa yetu, ukainama mpaka kufikia mwezi. Ni rangi ileile ya jua linapotua nyuma ya vilima. Yule mtoto wa swali la kwanza alinyamaza muda mrefu. Halafu akauliza kama banaweza kujua siku mbele. Ndiyo, tukamwambia, siku, saa na dakika. Tutarudi hapo.

Sasa, tunajua vizuri mnayosema huko nje, sababu mnatuandikia. "Vijana, watu wanachinjwa, barabara zimekufa, na nyie mnacheza na matonge?" Hata ndani ya harakati yetu tulibishana. Mwenzetu mmoja alikasirika kabisa: kwake kila saa tusiyotumia kudai usalama ni saa tumemzawadia muuaji. Tunamheshimu, na hatujaacha kudai. Ila tunamjibu hapa mbele ya wote. Miaka mingapi sasa tunapigana na uvumi? Uvumi ulitutesa wakati wa Ebola kuanzia 2018, watu wakakimbia dawa, wahudumu wakashambuliwa. Uvumi unawasha moto kati ya kabila na kabila. Kila uvumi unapitia mlango uleule: mtu mzima ambaye tangu utoto hakuzoeshwa kuuliza "umeonaje?" Shuleni tulinakili ubao. Picha ya mwezi tuliinakili pia, duara nane na majina yake kwa Kifaransa, tukapata pointi zetu, na hakuna hata mmoja wetu aliyeinua macho kuhakikisha.

Na kama tungehakikisha, tungegundua kwamba mambo mengine hayafanani na yanayoonekana huku! Kuna ufundi wa Kifaransa tuliofundishwa: ukiona hilali, chora mstari pembeni yake, ikiwa herufi p basi ni premier, mwezi unakua, ikiwa d ni dernier, unapungua. Nzuri sana, kwa mtu anayekaa Ubelgiji. Sisi mstari wa ikweta unapita kusini kidogo ya mji wetu. Hapa jua na mwezi vinashuka karibu wima, na hilali ya jioni inalala chali, pembe juu, kama mtumbwi. Weka mstari wako upate p! Nusu mwezi nayo inapochomoza mchana imevaa mwanga juu kama kofia, na usiku wa manane ikitua ni bakuli. Mtoto mmoja alipoambiwa achore mwezi alichora C iliyosimama, sababu ndivyo ilivyo kitabuni. Tukamwambia toka nje uangalie. Akarudi, akatazama kitabu, akatuangalia, hakujua ni kipi anaruhusiwa kuamini. Tungependa kila mwalimu wa Kongo aione ile sura. Kitabu hakikudanganya, kiliandikwa na mtu aliyesimama mahali pengine. Ila mtoto anayefundishwa kulishuku jicho lake mwenyewe, kesho tutamdaije ushahidi mbele ya tribinali?

Tatizo kubwa lilikuwa usiku. Tulitaka watoto waangalie mwezi wa kweli, na sisi ndio tunaowaambia wazazi kila siku: ikifika saa kumi na mbili mtoto awe ndani. Hatuwezi kumpeleka mtoto wa mtu uwanjani gizani kwa ajili ya sayansi. Kuna wanaolala na viatu miguuni. Usiku wetu umeshikwa mateka, tuseme wazi.

Mwalimu wetu ndiye aliyetoa njia. Akasema: lakini mwezi uko pia mchana. Karibu nusu ya watoto walikataa, na watu wazima kadhaa. Basi tulingoja. Siku tano baada ya mwezi mzima, saa mbili za asubuhi, jua likiwa mashariki, tuliwatoa uani na matonge yao. Mwezi ulikuwa upande wa magharibi, mweupe, umefifia kama doa la chokaa kwenye kitambaa cha buluu, umeliwa pembeni. Tukawaambia: ipe jua mgongo, inua tonge lako mpaka karibu na mwezi, funga jicho moja. Kwenye mwanga uleule wa jua, tonge la udongo lilikuwa limeliwa pembeni, upande uleule, kiasi kilekile. Mwezi wa udongo na mwezi wa juu, viwili, sawasawa.

Hapo hata sisi tulinyamaza. Hakuna taa, hakuna kitenge, hakuna giza, hakuna hata faranga kumi. Na ni asubuhi, mtoto akiwa njiani kwenda shule. Alasiri pia inawezekana: siku saba au nane baada ya hilali kuonekana, saa tisa au saa kumi, mwezi uko upande wa mashariki na jua limeshuka magharibi. Walimu, tunawaomba, jaribuni hili hata kama mtaacha mengine yote. Dakika kumi zinatosha. Jambo moja tu: mtoto asielekeze macho kwenye jua lenyewe, macho yabaki kwenye tonge na mwezi.

Kuhusu umbali, tulitumia mpira, ule wa masashe na kamba ambao watoto wanautengeneza wenyewe, na limau. Mpira ukiwa dunia, mwezi ni kitu kidogo, upana wake ni zaidi kidogo ya robo ya mpira. Tukauliza: limau tuliweke wapi? Wote waliliweka umbali wa kiganja, kama kwenye picha. Tukachukua kamba, tukaizungusha kwenye mpira mara tisa na nusu, tukaifungua na kuivuta. Ilienda, ikaenda, kutoka ubaoni mpaka mabenchi ya nyuma, mita 6 hivi kwa mpira wa upana wa sentimita 20. Hizo ndizo kilomita 384,400. Mtoto aliyeshika limau kule nyuma akapunga mkono kama mtu aliyeko ng'ambo ya ziwa. Tulijaribu pia kudondosha mawe kwenye jivu ili kuona mashimo ya mwezi yanavyotokea. Ilikuwa furaha tupu na vumbi puani, wamama hawakutushukuru.

Lakini kazi iliyodumu zaidi ni ya kijiti. Na hapo lazima tuongee kuhusu Ishango.

Wengi wa watoto wetu hawajui, na wazazi wao pia: Ishango iko hapa kwetu, mkoa huuhuu wa Kivu ya Kaskazini, kwenye ziwa Edward, pale mto Semliki unapotokea. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba pale akapata mfupa mdogo wa mnyama, urefu wa kama sentimita 10, wenye kipande cha jiwe la kwarzi kwenye ncha, na mikato iliyochongwa kwa mistari mitatu. Ukihesabu mikato unapata 60 kwenye mstari mmoja, 60 kwenye mwingine, 48 kwenye wa tatu. Umri wake ni kama miaka 20,000. De Heinzelin mwenyewe aliona ndani yake mchezo wa hesabu. Baadaye Mmarekani Alexander Marshack akasema hapana, huyu alikuwa anahesabu siku za mwezi, karibu miezi sita. Wataalamu wanabishana mpaka leo, na wabishane. Tunachojua ni kwamba kando ya ziwa letu, kabla ya piramidi, kabla ya herufi, mtu alikaa akachonga alama moja baada ya nyingine kwa utaratibu. Mfupa wenyewe uko Bruxelles, kwenye makumbusho. Mtoto wa Beni akitaka kuuona aombe viza.

Sisi tuliwapa kila mmoja kijiti. Kanuni: jioni ya kwanza ukiona mtumbwi wa mwezi mpya, kata alama ya kwanza. Kila siku alama moja, ukiwa mlangoni kwenu au asubuhi ukienda shule, usiku wa mawingu alama ndogo. Siku ukiona mtumbwi mwingine, simama, hesabu. Wengine walipoteza kijiti, mmoja kilichomwa na bibi yake kupikia maharage. Mwingine alileta alama 40 nzuri zote za kina kimoja, kumbe alizichonga zote asubuhi moja. Tulimwambia ana kipaji cha kuhesabu kura. (Msitukasirikie. Tarehe 30 Desemba 2018 Beni na Butembo tulinyimwa kumchagua rais pamoja na wenzetu wa nchi nzima, na watu wa Beni walipanga foleni wakajipigia kura yao wenyewe. Kuhesabu si jambo dogo huku.)

Waliobaki, vijiti vyao viligawanyika: 29 na 30. Wakaanza kugombana, kila mmoja anamuita mwenzake mwongo. Tukawaacha wagombane kidogo. Halafu msichana mmoja wa mwaka wa tano akasema tuendelee mwezi wa pili, tuone. Waliendelea wachache tu, na walioendelea walifika 59 kwa miezi miwili. Nusu ya 59 ni ngapi? Siku 29 na nusu. Hiyo ndiyo namba ya wanaastronomia, wameipata kwa kisu cha kumenyea viazi. Hakuna mtu aliyeiandika ubaoni.

Sasa tunachodai, maana hii ni harakati ya raia.

Kwa wakubwa wa mashule: fungueni mlango. Hatuombi pesa. Mmoja alituambia programu haimruhusu kutoa watoto nje saa ya somo. Tunaamini hakuna mkaguzi atakayemfukuza mwalimu kwa kuonyesha mwezi, na akitokea, mtuambie, tutakaa mbele ya ofisi yake na matonge yetu.

Kwa Leta: kifungu cha 43 cha Katiba kinasema shule ya msingi ya umma ni ya lazima na ni ya bure, na tangu 2019 mnajisifia. Sawa. Ila mwalimu mwenye darasa lililojaa mpaka mlangoni, anayengoja mshahara, hawezi kuzungusha matonge na kila mtoto. Mwalimu wetu alituuliza, bila hasira: "Jumamosi hizi zote, nani atanilipa?" Hatukuwa na jibu. Jibu liko kwenu, na liko kwenye bajeti mliyopiga kura.

Kwa makumbusho ya Bruxelles na kwa wizara yetu ya utamaduni: mjadala wa kurudisha mali za Kongo tunaufuata na tuna msimamo wetu. Wakati mnajadili, hakuna kinachowazuia kuleta nakala za mfupa wa Ishango, kila shule ya Beni, Lubero na Butembo ipate moja, watoto waguse mikato na kuhesabu. Nakala ya plasta ni bei gani?

Na kwa wale wanaolipwa kulinda raia: tunatumia mwezi wa mchana kwa sababu tumenyimwa wa usiku. Msije kutupongeza kwa ubunifu. Tunautaka usiku wetu. Tunataka mama wa Lubero aweze kukaa kwenye kilio cha jirani yake na kurudi nyumbani kwa mbalamwezi.

Tulisema tutarudi kwenye swali la yule mtoto. Tarehe 31 Desemba 2028, siku ya mwisho ya mwaka, mwezi utachomoza huku kwetu ukiwa tayari karibu wote umeingia kivulini, na utakuwa mwekundu jioni ile. Watoto walioanza mwaka wa kwanza Septemba 2025 watakuwa mwaka wa nne. Yule wetu ameiandika tarehe nyuma ya daftari lake, na amemwambia mama yake. Mama alikuja kutuuliza kama ni kweli. Tulimpa tonge na taa, mtoto wake ndiye aliyemuelekeza.

Jumamosi ijayo tunaendelea, saa mbili za asubuhi. Anayekuja alete kijiti na kisu kisicho kikali sana. Udongo upo.